UZI: Kusema mtu anaonekanaje na anatambuliwaje kwa Kiingereza, bila "comme" kutuharibia sentensi

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Wandugu, salamu kwenu nyote wa L'shi (Lubumbashi), Likasi, Kolwezi na wa mpakani.

Nafundisha Kiingereza saa za jioni hapa Kamalondo. Wanaokuja ni wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), madeklaranti, yaani mawakala wa forodha, wa Kasumbalesa mpakani na Zambia, na vijana wanaotafuta kazi kwenye kampuni za migodi. Wengi wanaamini adui yao ni nyakati za vitenzi. Mimi naona wanakwama zaidi pale wanapotaka kusema mtu ni wa namna gani machoni pa wengine: anaonekanaje, anachukuliwaje, anajulikana kwa lipi, umemtambua kwa nini, umemfananisha na nani. Mambo haya tunayasema kila siku. Kwenye barua ya kazi au mbele ya afisa yanaweza kumjenga mtu au kumbomoa. Naomba tuyachambue hapa kwa nafasi, na mwenye swali aulize.

Shuleni tumelelewa na Kifaransa, nyumbani na Kiswahili, na kila lugha ina neno moja linalobebeshwa mizigo mingi: "comme" upande huu, "kama" upande ule. "Il travaille comme infirmier" (anafanya kazi ya uuguzi), "il parle comme son père" (anasema kama baba yake), "je le considère comme mon frère" (namhesabu kuwa ndugu yangu): "comme" ni ile ile mara tatu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. Mara ni "as", mara "like", mara "for", mara "to be", na mara nyingi hakuna neno lolote katikati. Anayekuja na "comme" yake tu ataandika "they call him as Papa", na msomaji Mwingereza atasimama hapo hapo.

Anza na vitenzi visivyotaka kitu katikati: "call", "name", "nickname", "consider", "find".

"They call him Papa."
"I consider her my sister."
"We found him difficult."

Visikutishe, maana Kiswahili kinafanya hivyo hivyo. Tunasema "wanamwita Papa". Hakuna anayesema "wanamwita kama Papa". Tunasema "nilimdhania askari", basi, imetosha. Ukiwa na shaka, kiache Kifaransa pembeni kidogo, jipime kwa "kumwita" na "kumdhania".

Wengine wanadai "as", na ukiiacha sentensi inavunjika: "regard", "see", "view", "describe", "treat", "recognise", "identify", "think of", "refer to". "People regard him as an elder." "They treat her as a stranger." Angalieni hivyo viwili vya mwisho. Vina kihusishi chao tayari, na bado vinataka "as" baada ya mtu: "We think of him as an elder", "They refer to her as the boss". Wanafunzi wangu hutupa kimojawapo wakiamini viwili ni vingi mno. Vyote vibaki.

Halafu kuna "take" na "mistake", vinavyotaka "for": "I took him for a soldier", "They mistook me for my brother". Ni vitenzi viwili tu lakini vina hatari yake, tutavirudia.

Neno juu ya "consider", kwa kuwa ndilo linaloulizwa sana. Mtakuta "consider as" kwa waandishi wengine. Inakaa vizuri ikiwa maana ni kumtazama mtu kwa upande mmoja: "Let us consider Lumumba as a speaker", yaani leo tumtazame kama msemaji, siasa zake tuziache kwanza. Lakini ukitaka kusema unamhesabu mtu kuwa kitu fulani, andika "I consider him a friend" au "I consider him to be a friend". Kwenye mtihani usijaribu nyingine.

---

Deklarant wa Kasumba

Yaya mwalimu, aksanti sana kwa hii kazi. Niko na ulizo moja. Kwa makaratasi yetu naona "known as", "known for", "known to", "known by". Ni kitu moja, ao kila moja iko na kazi yake? Mi nilikuwa natia yote sawa sawa.

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Kila moja ina kazi yake, ndugu yangu. Tuchukue timu yetu ya mpira, kwa kuwa hakuna wa Kamalondo asiyeielewa.

"TP Mazembe are known as the Ravens." Hapo ni jina wanaloitwa.

"They are known for winning the African title." Hapo ni sifa, jambo lililowafanya wajulikane. Na taji hilo la Klabu Bingwa Afrika wamelichukua mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015.

"They are known to every child in Kamalondo." Hapo ni yule anayewajua.

"Many of the players are known by their nicknames." Hapo ni alama au jina unaloshika ili kumtambua mtu.

Kwa hiyo "as" ni jina au cheo, "for" ni sababu, "to" ni mwenye kujua, "by" ni alama. Kipa wetu Robert Kidiaba ukimweleza mgeni, utasema "He is remembered for his celebration", kwa sababu ni jambo alilofanya: kuruka uwanjani akiwa ameketi chini, goli likiingia. Dunia nzima iliiona Abu Dhabi mwaka 2010, siku tulipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Ukisema "He is remembered as his celebration" umemgeuza Kidiaba mwenyewe kuwa shangilio.

Majina ya miji ni hivyo hivyo. "Lubumbashi, formerly known as Élisabethville", jina lililobadilishwa mwaka 1966. Au "formerly called Élisabethville". Mmeona? "Known" imetaka "as", "called" imekataa. Likasi na Jadotville yake inaandikwa hivyo hivyo.

---

Mwanafunzi UNILU

Bonjour mwalimu. Profesa wetu alinikatia pointi kwa sentensi hii: "Like a teacher, she must respect the children." Nilitaka kusema kwamba kwa kuwa yeye ni mwalimu, lazima awaheshimu watoto. Mbona "like" ni "kama"?

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Profesa wako alikuwa na haki, mdogo wangu, na hapa ndipo "kama" na "comme" zinapotudanganya kwa pamoja.

"As" inamweka mtu ndani ya kazi au cheo. "Like" inamweka nje, akifanana tu. "She works as a nurse": ni muuguzi, anapokea mshahara wa uuguzi. "She works like a nurse": si muuguzi, ila ukimwona anavyomhudumia mgonjwa ungesema ni muuguzi. Sentensi yako ilimwambia profesa kwamba yule mama si mwalimu, anafanana na mwalimu. Ulitaka "As a teacher".

Tazama hizi mbili za nyumbani. "As your father, I refuse": mimi ndiye baba yako na nakataa. "Like your father, I refuse": baba yako amekataa, na mimi, pengine mjomba, nakataa vile vile. Neno moja limebadilisha nani ni mzazi.

Kiswahili nacho kina njia ya kutenganisha, ila tunaisahau. Kwa "as" tunaweza kusema "akiwa mwalimu" au "kwa kuwa ni mwalimu". Kwa "like" tuna "mfano wa mwalimu", na sisi wa L'shi tunasema "iko sawa mwalimu". Kabla hujaandika, jiulize: namaanisha "akiwa", ao namaanisha "sawa"? Ukijibu, Kiingereza kinakuja chenyewe.

---

Dereva wa Dar

Wakuu, napita hapo Kasumbalesa na mzigo mara kwa mara, tena nakaa foleni na Wazambia, Wakongo, wa Afrika Kusini, wote. Kiingereza chetu hakina "as" wala "for" na tunaelewana vizuri tu. Mwalimu, huoni unawatesa watu bure?

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Karibu sana, ndugu dereva. Mlangoni pa lori una haki kabisa. Pale uso upo, mkono upo, mtu akikosea anarekebishwa papo hapo. Tena siku Kongo ilipoingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2022, nilifurahi kwa sababu hiyo: tutazidi kuonana na watu kama wewe, na Kiswahili kitatubeba sana.

Karatasi haina uso. Barua ikishafika ofisi ya Ndola au Johannesburg, wewe haupo pale kueleza ulichotaka kusema. Anayesoma anakuhukumu, au anamhukumu yule uliyemwandika, kwa neno lililopo. Ndiyo maana nashikilia.

---

Mkalimani, Bel-Air

Naomba niingie hapa, maana kwenye kazi yangu jambo hili ni zito kuliko pointi za mtihani. Natafsiri maelezo ya mashahidi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Shahidi hajui Kiingereza, anayeandika ripoti hajui Kiswahili. Katikati nipo mimi.

Mzee anakaa mbele yangu, kofia amevua ameiweka gotini, anasema: "Usiku ule tulimdhania mwizi." Maneno manne. Tazameni njia zilizo mbele yangu.

"We thought he was a thief." Hii ni salama kuliko zote. Tulifikiri hivyo wakati ule, na sentensi yenyewe haiamui kama tulikuwa na haki.

"We took him for a thief." Hii tayari inaelemea upande mmoja. Msikilizaji wa Kiingereza anaanza kuhisi kwamba hakuwa mwizi.

"We mistook him for a thief." Hii imekwisha hukumu. "Mistook" maana yake tulikosea, mtu hakuwa mwizi. Nikiandika hivyo kabla mzee hajasema kwamba walikosea, nimemsafisha mtu kwa kalamu yangu, na tena nimewatia wale majirani hatiani, kama mtu yule alipigwa.

"We identified him as the thief." Hii ni upande wa pili kabisa. Inasema kulikuwa na mwizi anayejulikana, na sisi tukamtambua kuwa ndiye. Tazameni na "the" ilivyoingia. Nikiandika hii, mtu amefungwa nusu.

Mzee hakusema hata moja kati ya hizo tatu za mwisho. Kwa hiyo namwuliza: "Papa, baadaye mlijua kuwa alikuwa nani?" Akijibu ndipo naandika.

Neno jingine ni "nilimfananisha". Kwetu lina njia mbili. Mtu akikushika bega sokoni halafu akakuambia "samahani, nimekufananisha", maana yake alifikiri wewe ni mtu mwingine. Hiyo ni "Sorry, I took you for someone else." Nimeona maandishi ambamo "nilimfananisha na jirani yangu" imetafsiriwa "I compared him to my neighbour". Shahidi anaonekana kama mtu aliyesimama gizani akilinganisha sura za watu kwa starehe. Alichosema ni kwamba alifikiri ni jirani yake, ndiyo maana hakupiga kelele. Kesi nzima ilikuwa hapo.

La tatu ni kuona kwenyewe. "Nilimwona akivuka barabara." Kiingereza kina "I saw him crossing the street" na "I saw him cross the street". Ya kwanza: alikuwa katikati ya kuvuka, mwisho wake pengine sikuuona. Ya pili: nilimwona tangu mwanzo mpaka ng'ambo. Wakili mwenye macho makali atauliza swali juu ya tofauti hiyo. Na mkigeuza kuwa kauli ya kutendwa, ile ya pili inachukua "to": "He was seen to cross the street". "He was seen cross" haipo.

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Mama mkalimani, aksanti. Umesema lile ninalolitaka kuliko yote kwenye uzi huu: kila mojawapo ya miundo hii inataja mwenye jicho, na inasema kama mwandishi anaitia sahihi habari hiyo au anaipitisha tu mkono kwa mkono.

Nitoe mfano ambao sisi wa Katanga hatuwezi kuuchukua kwa wepesi. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa hapa kwa ndege, akauawa usiku ule ule pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili ikaharibiwa. Mwaka 2022 Ubelgiji ikairudishia familia jino lake, lililochukuliwa na polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuuharibu mwili. Jeneza likapita na hapa L'shi kabla ya mazishi ya Kinshasa. Sasa, jino lile halikupimwa DNA, kwa kuwa kulipima kungeliharibu. Mwandishi mwenye uangalifu akiandika Kiingereza ataandika "a tooth believed to be Lumumba's". Hamvunjii mtu heshima. Anasema tu ukweli wa namna tunavyojua: tunaamini, familia inaamini, maabara haikuthibitisha. Angeandika "a tooth identified as Lumumba's", msomaji angedhani kuna kipimo kilifanyika. Angeandika "a tooth said to be Lumumba's", angesikika kama mtu anayetia shaka na kujitoa. "Believed" ina watu ndani yake wanaoamini. "Said" ina midomo tu.

Na umbo hili lina jambo lake la wakati, ambalo watu wa migodi wanalihitaji kila siku. "He is said to work in Kolwezi": inasemekana anafanya kazi Kolwezi, sasa hivi. "He is said to have worked in Kolwezi": inasemekana aliwahi kufanya kazi huko, zamani. Hakuna "He is said that he works". Au mtu anaanza sentensi, "He is said to", au "it" inaanza, "It is said that he works". Usichanganye njia mbili.

---

Kijana wa Katuba

Mwalimu, naomba unisaidie. Naomba kazi ya stoo kwenye kampuni moja, wanataka barua kwa Kiingereza. Mukubwa wangu wa zamani ananipenda sana, ameniandikia hivi:

"He seems to be honest. He comes across as a serious man. He is considered as a hard worker."

Yeye anasema ni nzuri. Kweli iko nzuri?

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Mdogo wangu, mukubwa wako ana moyo mzuri na anakutakia mema, lakini barua hii usiitume hivi. Tuipitie neno kwa neno.

"He seems to be honest." Yaani anaonekana mwaminifu. Mtu wa kampuni atajiuliza: umefanya naye kazi, na bado unaona tu kwa mbali? Kwa mlinda stoo, neno "seems" mbele ya "honest" ni taa nyekundu.

"He comes across as a serious man." Hii nayo ni habari ya nje, sura anayoonyesha mtu akikutana na watu. Ni ya kumweleza mtu uliyeonana naye mara moja. Mara nyingi Mwingereza akiandika hivyo, "but" inakuja nyuma yake. "Strikes me as" iko karibu nayo, ni fikra ya kwanza iliyokupiga, ila angalau ina "me", kuna mtu anayesimama.

"He is considered as a hard worker." Kwanza "as" iondoke. Lakini hata "He is considered a hard worker" haitoshi. Anayekuhesabu ni nani? Kauli ya kutendwa imemficha. Mukubwa wako ameandika kana kwamba amewasikia wengine wakisema.

Kitenzi unachokihitaji ni kile kidogo tulichokipita mwanzoni, "find". "I have always found him honest and hard-working." Hapo mukubwa wako anasema: nimekaa naye, nimemjaribu, na hivi ndivyo nilivyomkuta. Kiswahili chetu kina kitu hicho hicho tukisema "nilimkuta mtu wa haki". Halafu baada ya sifa litajwe tendo: "He kept the keys to our store". Mwombe aandike upya hivi:

"I have always found him honest and serious. He kept the keys to our store, and I consider him one of the best workers I have had."

Kama ni kweli ulishika funguo, lakini. Kama hukushika, ataje kile ulichofanya.

---

Mama wa Ruashi

Nimesoma hiyo ya barua mara mbili. Nitamwonyesha mtoto wangu. Mwalimu, na "look"? Wanasema "you look like tired" na mimi nasikia kuna kitu hakikai vizuri.

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Sikio lako ni zuri, mama. Kivumishi kinashikana na "look" moja kwa moja: "You look tired". Nomino inataka "like": "You look like a teacher". Sentensi nzima inataka "as if": "You look as if you haven't slept". "Sound" inafuata njia hiyo hiyo, kwa mtu unayemsikia kwenye simu: "You sound tired". "Seem" nayo karibu ni hivyo hivyo.

---

Deklarant wa Kasumba

Narudi tena, yaya. Iko hii ya kila siku. Natuma mtu akutane na mwenzetu wa upande wa Zambia, hawajuani. Naandika kwa WhatsApp: "See the man of blue cap who has envelope." Mzambia anakosa mtu wangu, anamfuata mwingine. Iko nini?

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Hapa umechukua "l'homme à la casquette" ya Kifaransa (mtu wa kofia), ukaweka "of" mahali pa "à". Kiingereza kina maneno mawili ya kumtambulisha mtu kwa macho. Alichokivaa ni "in". Alichonacho mwilini au mkononi ni "with".

"The man in the blue cap." "The woman in the green dress." Mama aliyevaa kikwembe ni "in" pia.

"The man with the beard." "The driver with a scar on his chin." "The boy with the brown envelope."

Kwa hiyo: "Look for the man in the blue cap, with a brown envelope in his hand." Na "see" iache, maana "see" ni kuona tu, hata bila kutafuta. Unayemtuma amtafute mtu mwambie "look for".

Na ukitaka kusema atamjua kwa alama gani, ni "by": "You will recognise him by his blue cap." "Recognise" ni kumtambua uliyekwisha kumwona au kupewa alama zake. "Identify" ni kusema huyu ni nani, mara nyingi mbele ya mwenye mamlaka, kwa kadi au kwa ushahidi. Mpakani utasikia "Can you identify yourself?", yaani toa karatasi zako.

Kofia za bluu kule Kasumbalesa ni nyingi lakini, ongeza alama ya pili kila mara.

---

Mwanafunzi UNILU

Na "identify as" na "identify with"? Nimekuta zote mbili kwenye kitabu cha sosiolojia.

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

"Identify as" ni namna mtu anavyojitaja mwenyewe: "He identifies as Congolese". "Identify with" ni kujisikia uko pamoja na watu au na mateso yao, hata kama hukuzaliwa kwao: "She identifies with the miners". Huhitaji kuwa mchimbaji ili useme hiyo ya pili. Na mtu mwingine akikutaja, inakuwa ya kutendwa: "He was identified as Congolese", hapo yeye hakuulizwa. Kwenye sosiolojia tofauti hiyo kati ya kujitaja na kutajwa ni sura nzima ya kitabu, usiiache.

---

Mkalimani, Bel-Air

Mwanafunzi, niongeze kwako: "describe as" pia ni ya wengine. "He was described as Congolese by a neighbour." Ukiweza, taja nani kwa "by". Ripoti isiyo na "by" ni ripoti ambayo kila mtu ataikana baadaye.

---

Mama wa Ruashi

Mtoto wangu ameandika sentensi yake ya kwanza kutoka kwenye uzi huu, ninaileta hapa kama alivyoiandika. Yeye na mdogo wake ni mapacha.

"I resemble to my brother and the teacher is always mistaking me with him. Only our mother can separate us."

---

Mwalimu wa Jioni, Kamalondo

Mpongeze sana, mama, wazo ni zuri na "mistake" ameipata mwenyewe. Tumsahihishe polepole.

"Resemble" haitaki "to". Hiyo "to" ni ya "ressembler à". Aseme "I resemble my brother", au kama watu wanavyosema kila siku, "I look like my brother".

"Mistaking me with him" ni "confondre avec". "Mistake" inataka "for", na "confuse" ndiyo inayotaka "with". Achague moja: "mistakes me for him" au "confuses me with him". Na kama anataka tulisikie lile lawama lake kwa mwalimu wa darasa, "keeps mistaking me for him" inalibeba vizuri.

"Separate us" maana yake awatenganishe, huyu aende Ruashi huyu aende Kenya, ile komini ya hapa L'shi. Kumtofautisha mtu na mwenzake kwa macho ni "tell apart". Kwa hiyo:

"I look like my brother, and the teacher keeps mistaking me for him. Only our mother can tell us apart."

Mwulize unawatambua kwa alama gani, halafu aongeze sentensi moja yenye "by", ailete kesho.